Sura ya Tano: Sisikilizi Maneno, Nasikiliza Biti

Wimbo wa mtaani ulioleta matata makubwa kuliko nyimbo zote za Biblia haukuimbwa na msanii. Uliimbwa na wanawake waliotoka katika miji ya Israeli, matari mikononi, kumlaki Mfalme Sauli na jeshi lake waliporudi vitani. Kiitikio chake kilikuwa kifupi kabisa: Sauli akahesabiwa maelfu aliowaua, Daudi makumi elfu. Sidhani kama kuna mama hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Walikuwa wanashangilia ushindi, na kibwagizo kikawakaa vizuri mdomoni. Lakini ukisoma 1 Samweli sura ya 18 utaona kwamba tangu siku hiyo Sauli alimtazama Daudi kwa jicho baya, na kesho yake tu akamrushia mkuki.

Mambo hayakuishia hapo. Katika sura ya 21 Daudi anakimbilia Gathi, kwa Wafilisti, na watumishi wa mfalme Akishi wanaujua wimbo ule. Katika sura ya 29 wakuu wa Wafilisti wanaurudia tena, safari hii kama sababu ya kumkataa Daudi asiende nao vitani. Hakukuwa na redio wala simu za kurushiana, na bado kiitikio kilivuka mpaka wa adui kikiwa hakijapungua neno. Nabii Samweli alihubiri miaka na miaka, lakini hatusomi mahali popote kwamba Wafilisti waliyashika mahubiri yake kwa moyo.

Naanza na wimbo huo kwa sababu makanisa yetu yanabishana sana kuhusu muziki, na mara nyingi ubishi wenyewe unaelekezwa kwenye ngoma, gitaa, mavazi ya wasanii na staili za kucheza. Maneno tunayapita. Muulize kijana wa Kikristo kwa nini anapenda wimbo ambao hawezi kuutamka mbele ya mama yake, naye atakujibu bila kufikiri: sisikilizi maneno, nasikiliza biti. Na si vijana peke yao. Nimelisikia jibu hilo kwa wazee wa kanisa na kwa walimu wa kwaya, tena wanalisema kwa amani kama mtu aliyekunywa soda kwenye baa. Mimi naamini jibu hilo ndilo mlango wenyewe. Maneno tunayoyasikiliza tunaweza kuyapima, tukayakubali au kuyakataa. Yale tusiyoyasikiliza hupita bila kuulizwa, na kesho yake unayakuta jikoni, yanatoka mdomoni mwako ukiwa unamenya viazi.

Kwanza tuondoe takataka njiani. Kuna mafundisho matatu yanayozunguka sana makanisani kuhusu muziki, na yote matatu yanatupotezea muda.

La kwanza ni kwamba muziki wa kidunia ni wa ukoo wa Kaini, kwa kuwa Mwanzo 4 inamtaja Yubali, mzao wa Kaini, kuwa baba wa wapigao kinubi na filimbi. Ni kweli imeandikwa. Lakini mistari hiyo hiyo inamtaja ndugu yake Yabali kuwa baba wa wafugaji, na Tubal-kaini kuwa mfua shaba na chuma. Sijawahi kumwona mhubiri akikataa jembe, wala akisusa nyama ya mbuzi, kwa sababu ya Kaini. La pili ni kwamba Shetani alikuwa kiongozi wa kwaya mbinguni. Msingi wake ni Ezekieli 28, penye kutajwa matari na filimbi, na sura hiyo inasema wazi kwamba inamwomboleza mfalme wa Tiro. Jengo refu hivyo haliwezi kusimama juu ya kokoto mbili.

La tatu ndilo linalonikera zaidi. Ni ile habari ya Freemason na Illuminati, ya nyimbo zenye ujumbe uliofichwa, ambazo ati ukizipiga kinyumenyume unasikia jina la ibilisi. Semina nzima za vijana zimeendeshwa kwa mafundisho hayo, projekta ikimulika ukutani alama za vidole na majicho ndani ya pembetatu. Nikikaa kwenye semina kama hizo huwa najiuliza: huyu mwalimu anahangaika nini na maneno ya kinyumenyume, wakati ya mbele kwenda mbele hajayagusa? Wimbo unasema wazi, kwa Kiswahili fasaha, kwamba mwanamke hana thamani kama hajahongwa. Hakuna haja ya kuugeuza.

Ubishi wa ngoma nao ni mzee kuliko sisi. Wamisionari wengi walipofika Afrika Mashariki waliikataza ngoma pamoja na mambo yote yaliyoizunguka, na waumini wa kwanza wakafundishwa kumwimbia Mungu kwa tuni za Ujerumani na Uingereza. Ilichukua muda mrefu kwa watu wa kanisa wenyewe kuuliza kama tuni ina dini. Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka ule ule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia na kuupa muziki wa mataifa nafasi katika ibada. Upande wa Walutheri, chuo cha Makumira karibu na Arusha kikawa kama karakana. Mmisionari Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake watunge kwa tuni za nyumbani kwao, na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa akatunga “Mfurahini, Haleluya” kwa mahadhi ya Kihaya. Leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Wajukuu wa wale waliotukataza ngoma wanaucheza kwa makofi kila Pasaka.

Tena, hata hizo tuni tulizoambiwa ni takatifu tangu kuumbwa zina historia zao. Ile ya wimbo maarufu wa Ijumaa Kuu kuhusu kichwa cha Bwana kilichojaa majeraha ilitoka kwenye wimbo wa mapenzi wa Mjerumani Hans Leo Hassler, uliochapishwa mwaka 1601. Waliouimba mwanzo walikuwa wanamlilia binti.

Mtu anayenifundisha zaidi katika jambo hili ni Thomas Dorsey. Alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1899, mtoto wa mhubiri, lakini jina alilipatia kwenye blues. Alipiga piano nyuma ya mwimbaji Ma Rainey, na mwaka 1928, akiwa na mpiga gitaa Tampa Red, alitoa wimbo wa matusi ya mafumbo ulioitwa “It's Tight Like That”, ukauzwa kama maji ya jangwani. Ni wimbo ambao leo Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, wangeufungia asubuhi na mapema. Baadaye Dorsey alijikita katika kutunga nyimbo za Kikristo kwa mahadhi yale yale ya blues, na makanisa mengi ya Chicago yakamfungia mlango: muziki huo wa vilabuni hatuutaki hapa. Agosti 1932 alikuwa St. Louis kwa kazi ya uimbaji alipoletewa simu ya maandishi kwamba mkewe Nettie, aliyemwacha nyumbani mjamzito, amefariki akijifungua. Aliporudi, mtoto naye akafa. Kutokana na msiba huo alitunga “Take My Hand, Precious Lord”. Martin Luther King aliupenda wimbo huo kuliko nyingine, na Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi yake mwaka 1968.

Vidole vilikuwa vile vile, piano ni ile ile, na mpigo ulikuwa mmoja. Wanaosema biti ndiyo yenye pepo wanipe maelezo ya Dorsey. Kilichobadilika ni kile alichokuwa anakisema, na yule aliyekuwa anamwambia.

Njia hiyo ilipitwa kwa upande wa pili pia. Ray Charles alichukua wimbo wa injili mwaka 1954, akaweka mpenzi mahali pa Yesu, akatoa “I Got a Woman”. Sam Cooke aliacha kundi la injili la Soul Stirrers na kuingia muziki wa mapenzi mwaka 1957. Sauti ile ya kulia, kuitikiana, kupandisha pumzi mpaka msikilizaji anasimama, ilizaliwa kwenye mabenchi ya makanisa ya watu weusi Marekani. Kwa hiyo tunapoulaani muziki wa pop kwa jumla, tujue sehemu ya damu yake ni yetu. Ni mtoto aliyehama nyumbani, anapiga simu akikumbuka.

Turudi Tanzania. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi iliyotaka kusikika ilirekodi katika studio zake, mashairi yakiwa yamekaguliwa kwanza. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango, Radio One ikaanza 1994, stesheni nyingine zikafuata, na vijana waliokuwa wanaiga rap ya Marekani wakapata mahali pa kupeleka kanda zao. Walikuwa wameshaanza kurap kwa Kiswahili. Muziki huo tukauita Bongo Fleva.

Wazee wa makanisa waliuona ni uhuni mtupu. Lakini hebu tukumbuke kilichokuwa kikiimbwa. Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulikuta kwamba takriban asilimia 7 ya watu wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Tulikuwa tunazika karibu kila wiki. Mimbarini ugonjwa huo ulitajwa kwa kuzungukwa: “kuugua kwa muda mrefu”, “homa hii ya siku hizi”. Wakati huo huo Ferooz, akiwa na Professor Jay, alitoa “Starehe”, kisa cha kijana anayesimulia jinsi raha za mji zilivyomfikisha kitandani kwenye UKIMWI. Mwana FA naye akatoa “Alikufa kwa Ngoma”. Watu walizisikiliza nyimbo hizo kwenye daladala huku wamenyamaza. Wagosi wa Kaya kutoka Tanga waliimba “Wauguzi”, kulalamikia jinsi wagonjwa wanavyotendewa hospitalini, na Professor Jay katika “Ndiyo Mzee” akamkejeli mwanasiasa wa ahadi hewa. Manabii wa Agano la Kale wangezitambua nyimbo hizo mara moja. Amosi alisema mambo ya namna hiyo, naye aliambiwa afunge safari arudi kwao.

Kwa hiyo sikubaliani na mtu anayeniambia kwamba muziki wa kidunia umekuwa mbaya tangu mwanzo. Ulikuwa na kipindi ambacho ulisema kweli kuliko sisi. Ulipobadilika, ulibadilika kwa sababu zinazoeleweka: fedha zilihamia kwenye shoo za vilabuni, kwenye matangazo ya kampuni za simu na vinywaji, kisha YouTube, ambako mwaka 2020 video za Diamond Platnumz zilifikisha jumla ya kutazamwa mara bilioni moja. Mzigo wa namna hiyo haubebwi na wimbo unaokufanya ukae kimya kwenye daladala. Unabebwa na wimbo wa kuchezeka, wenye kiitikio cha maneno matano, utakaourudia kabla hujajua kama umeupenda.

Na kurudia ndiko kufundisha. Kanisa linalijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana tuna Kanuni ya Imani, rozari, katekisimu ya maswali na majibu. Katika Wakolosai 3:16 Paulo anaweka zaburi na nyimbo ndani ya sentensi moja na kufundishana na kuonyana. Kwake kuimba ni darasa. Basi mtoto aliyesikia wimbo mmoja mara mia mbili kwa mwezi amehudhuria darasa, awe aliandikishwa au hakuandikishwa.

Mwalimu mmoja wa kipaimara ninayemfahamu aliwagawia wanafunzi wake karatasi, akawaambia kila mmoja aandike wimbo wowote anaoujua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alitegemea wapo watakaoandika tenzi ili kumfurahisha, na kweli wawili watatu walifanya hivyo, wakakwama ubeti wa pili. Wengine waliandika kama wanaoteremka mlima. Binti mmoja alijaza karatasi mbele na nyuma, hata miguno ya katikati hakuiacha, hata jina la prodyuza linalotajwa mwanzoni kabla biti haijaingia. Walipomaliza, mwalimu akasema: sasa simameni mmoja mmoja msome mlichoandika. Wasiimbe, wasome tu, kama wanavyosoma somo la Jumapili.

Hakuna aliyesimama. Wakaanza kucheka, wakatazamana, mvulana mmoja akaikunja karatasi yake ndogo ndogo mpaka ikawa kama kidonge. Yule binti alisema, “Mwalimu, hii haisomeki hivyo.” Mwalimu hakuhubiri. Aliwaambia waondoke na karatasi zao, kipindi kikaendelea na Amri ya Nane.

Mimi nadhani binti yule alitoa somo kubwa kuliko lililokuwa limepangwa siku ile. Biti ilikuwa imebeba kitu ambacho miguu yake mwenyewe isingekubali kusimama kukibeba.

Sisemi hivi ili kushambulia nyimbo za mapenzi. Biblia ina kitabu kizima cha mapenzi, na wahubiri wanaokipitia haraka haraka kwa kusema ni Kristo na Kanisa, sawa, lakini wasome tena. Katika Wimbo Ulio Bora mwanamke ndiye anayeanza kusema, na ndiye anayesema zaidi. Anatamani na anatamaniwa, anamtafuta mpenzi wake usiku mitaani, wala hakuna mahali bei yake inapotajwa, isipokuwa pale mwishoni panaposemwa kwamba mtu akitoa mali yote ya nyumba yake kununua upendo atadharauliwa. Weka hayo karibu na nyimbo zinazopigwa sasa, za danga na mchepuko, za mwanamume kupimwa kwa gari na mwanamke kupimwa kwa umbo, na za kuachana ambazo karibu zote ni za kukomoana. Kijana aliyekulia humo atakuja ofisini kwa mchungaji kufunga pingu za maisha, na mchungaji atampa semina ya ndoa ya Jumamosi mbili, akidhani anaandika kwenye karatasi tupu.

Halafu inakuja harusi yenyewe. Mchana ibada, Waefeso 5 imehubiriwa, kwaya imeimba, tarumbeta limewatoa maharusi mpaka kwenye gari. Jioni ukumbini MC anawaita wazazi wa pande zote mbili, DJ anaachia kitu, na bibi wa bwana harusi, mwenyekiti mstaafu wa umoja wa wanawake, anacheza kwa heshima zake zote wimbo unaomsifu mwanamume mwenye wanawake watatu wasiojuana. Wajukuu wake wadogo wako mbele yake wanaitikia. Mchungaji huwa ameshaondoka. Akishabariki chakula huaga mapema, na kila mtu anajua si kwa sababu kesho ana safari.

Dawa ambayo wengi wetu tunaikimbilia ni kufungia. Serikali ifungie! Mwanzoni mwa 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivitaka vituo vya utangazaji viache kupiga nyimbo zaidi ya kumi zilizosemwa zinakiuka maadili. Makanisani tulishangilia. Lakini orodha yenyewe inafaa kusomwa polepole. Mlikuwa na nyimbo za matusi kweli. Mlikuwa na “Hallelujah” ya Diamond na Morgan Heritage, na sijui ni Wakristo wangapi walishtushwa na jina hilo kugeuzwa kionjo cha starehe kabla TCRA haijawashtua. Na humo humo mlikuwa na “I Am Sorry JK” wa Nikki Mbishi, wimbo unaomtaja Rais mstaafu Kikwete, ambao ukiusikiliza utatafuta tusi usilione. Mwaka mmoja kabla, Machi 2017, Ney wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake “Wapo” uliowasema wakubwa, kisha Rais Magufuli mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Nyundo ikishikwa na serikali, hupiga matusi leo na ukweli kesho.

Tena haifanyi kazi. Novemba 2018 BASATA iliufungia “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond, uliochezea jina la eneo la Nyegezi kwa namna ambayo kila mtu aliielewa. Desemba wakauimba jukwaani Mwanza kwenyewe, wakafungiwa kufanya maonyesho, wakaomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa. Muda wote huo wimbo ulikuwa kwenye simu za watu. Kenya nako, mwaka 2019 bodi ya filamu chini ya Ezekiel Mutua ilitaka nyimbo “Tetema” na “Wamlambez” ziishie vilabuni, wakati watoto wa shule walikuwa wameshazijua mwanzo hadi mwisho. Mzazi anayeiachia bodi kazi ya kuchuja masikio ya mwanawe amekabidhi kazi kwa mtu asiyeijua hata sura ya mtoto huyo.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo najua itaudhi, maana inatuhusu sisi wenyewe. Wakristo wengi waliouacha muziki wa kidunia wamehamia kwenye injili, na huko wamepumzisha masikio kabisa. Wimbo ukimtaja Yesu, basi. Lakini tabia ni ile ile: tunasikiliza biti.

Chukua nyimbo za maadui. Siku hizi ni nyingi mno: Mungu ataniinua, walionicheka watanitazama kwa mbali, walionidharau watakula majungu yao. Ondoa jina la Mungu, weka jina la msanii, na una wimbo wa kujibishana mitandaoni. Najua nitajibiwa kwamba Zaburi ya 23 inataja meza iliyoandaliwa machoni pa watesi, na kwamba Zaburi ya 109 ina laana zinazotisha. Ni kweli. Lakini mwenye zaburi ile analia mbele za Mungu na kumwachia kesi, hachezi. Na Bwana wetu, katika Mathayo 5, alituagiza tuwaombee wanaotuudhi. Nitajieni wimbo wa injili wa hivi karibuni unaomwombea jirani mbaya mema, na unachezwa kwenye bodaboda.

Na umaarufu nao tumeuiga ulivyo. Mwimbaji wa injili Rose Muhando aliposaini mkataba na kampuni ya muziki ya Sony mwaka 2011 ilikuwa habari njema kwa sababu nyingi. Mwanamke wa Dodoma mwenye sauti ile alistahili kusikika mbali. Lakini mfumo uliokuja na umaarufu wa namna hiyo kanisa halikuwahi kuuwekea utaratibu: kiingilio, mabango, walinzi, msanii anayefika mahubiri yakiwa yamekwisha na kuondoka kabla ya sala ya mwisho. Kenya, Willy Paul na Bahati waling'ara wakiwa vijana wadogo wa injili, kisha wakahamia muziki wa kidunia, na Wakristo wakawarushia maneno makali. Mimi najiuliza ni nani alikuwa mchungaji wao wakati wa makofi. Tuliwapa jukwaa kabla ya mafundisho, tukawafanya nyota wangali watoto wa kiroho, halafu tukakasirika walipofanya kama nyota wanavyofanya.

Augustino, askofu wa Hippo, aliliona hili miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anasema kwamba nyimbo za kanisa zilimtoa machozi alipoongoka na anazithamini, lakini akijikuta ameguswa na uimbaji kuliko na kile kinachoimbwa, anajihesabu amekosa. Wengine humwona alizidisha. Kwangu hicho ndicho kipimo pekee kinachofanya kazi kwa pande zote mbili, baa na madhabahuni. Na kabla yake Ezekieli, mwishoni mwa sura ya 33, aliambiwa na Mungu kwamba watu wanakuja, wanaketi mbele yake, wanamfurahia kama mwimbaji wa nyimbo za mapenzi mwenye sauti tamu anayejua kupiga ala, na hawatendi neno hata moja. Nabii alikuwa na mashabiki. Lilikuwa jambo la kuhuzunisha.

Kwa hiyo mzazi, usianze kwa kuzima spika. Ukizima, mtoto ataweka visikilizio na utakuwa umejitoa mwenyewe darasani. Kaa naye. Mwombe akufundishe wimbo anaoupenda, maneno yote, na ukifika pasipoeleweka muulize maana yake, hata kama unaijua. Mtaje anayeimbwa: huyu dada ametendewa vizuri? Ungependa dada yako aimbiwe hivi? Utakuta nyimbo nyingine ni nzuri kuliko ulivyodhani. Uzifurahie bila woga. Mwaka 2020 mapadri na watawa walicheza “Jerusalema” wa Master KG na Nomcebo Zikode barabarani na hospitalini, na wengi wao hawakujua kwamba wanacheza sala ya mtu anayemwomba Mungu asimwache hapa. Hapo kutosikiliza kulitunyima baraka.

Mwalimu wa kwaya, kabla ya kufundisha wimbo mpya, wasomee wanakwaya mashairi yake bila kinanda. Kama hayasomeki mbele ya madhabahu yakiwa makavu, kinanda hakitayatakasa. Na ubeti wa kusanyiko urudi: kuna sharika ambazo waumini sasa huketi kusikiliza kwaya tano na hawaimbi wenyewe zaidi ya wimbo wa sadaka.

Na nyinyi wa kamati za harusi, mnaokaa vikao miezi mitatu kujadili rangi ya vitambaa na idadi ya kreti za soda, mwiteni DJ kwenye kikao kimoja. Mpeni robo saa, awasomee orodha yake ya nyimbo na maneno ya viitikio vyake, mkimsikiliza bila biti. Mchungaji naye aalikwe siku hiyo.